Kabla Hujanunua Kifaa cha Kupanda Mti, Jiulize Utashukaje

Kama umekuwa ukinifuata kwa muda, unajua kazi yangu ni kulinganisha vitu. Simu ya elfu kumi na tano na ya elfu ishirini, ipi inakaa na chaji. Spika gani inapiga vizuri na gani ni kelele tu. Kwa hivyo anko wangu aliponitumia picha tatu za vyuma kwa WhatsApp na swali moja, "Kijana, kati ya hizi nichukue gani?", nilidhani nimepata kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki tano.

Anko ni ndugu mdogo wa mathe, na kazi yake ni kukata miti. Ukikaa Membley pengine umeshamwona bila kumjua: jamaa mwembamba wa gambuti, nyuma ya boda, pawaso mapajani na kamba ya bluu imezungushwa kifuani. Mtaa wetu una kazi nyingi ya aina hiyo. Kabla ya nyumba hizi zote, pande hizi za Ruiru zilikuwa mashamba ya kahawa, na kwenye kahawa watu walipanda mikima, ile miti mirefu ya maua ya rangi ya chungwa ambayo asili yake ni Australia, iwe kivuli. Kahawa iling'olewa, mikima ikabaki kwenye ua. Barabara ya Thika ilipomalizika kupanuliwa 2012, watu wakamiminika, ploti zikagawanywa, na leo mti uliopandwa kukinga kahawa umeegemea bati la mtu, tangi la maji la mtu, ama waya za stima. Halafu mkima una tabia mbaya: matawi yake huvunjika kirahisi. Upepo wa mvua ndefu ukianza, simu ya Anko hailali.

Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza anapanda vipi. Nilikuwa naona mti upo asubuhi, jioni haupo.

Kumbe anapanda hivi. Anarusha kamba juu ya tawi, anapanda kwa mikono na miguu kama mtoto anayeiba maembe, akifika anajifunga kiunoni na ncha ya kamba ileile, anakata. Akimaliza anajifungua, anazungusha kamba kwenye paja, anaishika kwa kiganja, anateleza hadi chini. Basi. Hiyo ndiyo mashine yake yote: paja na kiganja.

Mwezi wa nne mwenzake, mtu ambaye wamefanya kazi pamoja miaka sita, alianguka. Si wakati wa kukata. Kazi ilikuwa imeisha, pawaso imeshashushwa, mwenye nyumba ameshalipa. Alikuwa anashuka. Kamba ilikuwa imelowa, kasi ikamzidi, kiganja kikaungua, akaachia. Mita nne hivi. Nyonga ikavunjika. Mwenye nyumba aliongeza elfu mbili za teksi, na mambo yakaishia hapo.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hiyo methali tulikuwa tunaichomeka kwenye insha darasa la sita ili mwalimu atupe alama. Sikuwahi kufikiria kuna watu wanaiishi Jumatatu hadi Jumamosi.

Kwa hivyo Anko akaamua kununua kifaa. Alikuwa ameweka elfu arobaini na tano, na alitaka ile kitu kali kabisa, ile wazungu wanatumia kwenye video. Nami nikaanza kuangalia hizo video. Nikagundua jambo moja: karibu kila mtu anayesifia kifaa chake anajirekodi akipanda. Nani anafika juu kwa sekunde ngapi. Nani hachoki. Nikakumbuka nyonga ya yule jamaa, nikaona wanajibu swali ambalo halikumvunja.

Nikaandika maswali yangu matatu kwenye karatasi. Moja: ukiachia mikono yote miwili ghafla, nini kinatokea? Mbili: ukiwa juu umejikata mkono, unaweza kushuka kwa mkono uliobaki? Tatu: hicho kifaa kinakubali kamba uliyo nayo? Hayo ndiyo nimetumia kupima kila kitu hapa chini. Kasi nimeiweka mwisho.

Tulifanyia majaribio kwenye mkima wa nyumbani kwetu, tawi la chini, miguu ikiwa mita moja tu kutoka ardhini na magodoro mawili chini. Nasisitiza hiyo mita moja. Rafiki yangu wa chuo anayepanda mawe kule Lukenya alikuja na kamba zake, hanesi na vyuma viwili, akakaa nasi Jumamosi mbili akitusahihisha.

Tuanze na njia ya Anko, paja na kiganja. Swali la kwanza: ukiachia, unaanguka. Ya pili: mkono mmoja, labda ukiwa na bahati. Ya tatu: inakubali kamba yoyote, na hapo ndipo mtego ulipo. Ile kamba ya bluu ya hadiwea ni plastiki inayoyeyuka kwa joto la kama nyuzi 160, na jua la kila siku huila polepole bila wewe kuona. Anko aliipasua nyuzi kwa kucha tu, akanyamaza kidogo.

Cha pili, nane. Ni kipande cha chuma chenye umbo la namba 8, bei yake ni ya chini kuliko vifaa vingine, na wengi huanza nacho. Kinashusha vizuri sana. Lakini kinashusha tu, hakipandishi. Na ukiachia mkono wa chini, hakikushiki, unateremka nacho hadi ardhini. Lazima uongeze fundo la kukulinda chini yake. Pia kinasokota kamba hadi inajikunja kama nyoka. Mtu akikuuzia nane akakuambia "hii inatosha", mwambie apande yeye kwanza.

Cha tatu, Grigri ya kampuni ya Petzl, iliyotoka 1991 kwa ajili ya wapanda mawe. Hii ilinifurahisha. Ukining'inia, inabana kamba yenyewe, na kushuka unavuta mkono wake wa plastiki taratibu. Hata hivyo mtengenezaji mwenyewe anasema mkono usitoke kwenye kamba ya chini, kwa hivyo usiichukulie kama kiti cha kulalia. Shida ilikuja swali la tatu. Imetengenezwa kwa kamba za kipenyo cha milimita 8.5 hadi 11. Kamba nyingi za watu wa miti ni 11.5 hadi 13, kwa sababu mikono inazishika siku nzima. Kamba ya Anko ilikuwa 14, hata haikuingia. Hapo ndipo nilielewa kwamba hununui kifaa peke yake. Unanunua kifaa na kamba yake, kama simu na chaja yake, isipokuwa hapa chaja isiyo sahihi inakuua.

Cha nne ndicho kilichokuwa kwenye picha za Anko: Zigzag, pia ya Petzl, ya kamba za 11.5 hadi 13. Ni mnyororo wa pete za chuma unaobana kamba ukiukalia na kuachia ukibonyeza juu yake kwa kidole. Imeundwa kwa mtindo wa kamba mbili, yaani kamba inapita juu ya tawi na kurudi kwako. Upande mmoja unafungwa kwenye hanesi, wa pili unapita ndani ya kifaa. Kwa mtindo huo ukivuta mita mbili unapanda mita moja, lakini mikono inabeba kama nusu tu ya uzito wako, ukiondoa msuguano wa tawi. Maswali mawili ya kwanza inayajibu vizuri: ukiachia inabana, na kushuka ni kidole kimoja. Tatizo ni mfuko. Maduka ya nje yanaiuza zaidi ya dola 250. Piga mara 129, ni zaidi ya elfu thelathini na mbili, kabla ya usafirishaji na ushuru. Anko angebaki na chuma kizuri sana, na kamba ya bluu.

Kuna pia Rope Wrench, iliyobuniwa na mpanda miti wa Marekani anayeitwa Kevin Bingham. Hii haikushiki peke yake. Inakaa juu ya fundo na kuongeza msuguano, ili fundo liweze kutumika kwenye kamba moja isiyosonga. Kamba moja ni tamu kwa miti mirefu kwa sababu miguu ndiyo inafanya kazi. Lakini sikieni hii, watu wa mikima. Ukipitisha kamba juu ya tawi na kuifunga chini kwenye shina, lile tawi linabeba karibu mara mbili ya uzito wako. Anko ana kilo 68. Tawi la mkima ambalo limeshavunja bati la jirani, unataka kulipa kilo 136? Mtindo huo una njia zake salama, ila si wa kuanzia hapa kwetu.

Sasa cha tano, ambacho hakikuwa kwenye picha yoyote: fundo.

Mwaka 1931 mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, alionyesha fundo ambalo unazungusha kamba nyembamba kwenye kamba nene. Likiwa halina uzito linateleza, ukilikalia linauma. Ndilo babu wa vifaa hivi vyote, maana hata zile pete za Zigzag zinaiga kazi yake. Udhaifu wake ni kwamba likishauma sana ni kazi kuliachilia ukiwa umeketi juu yake. Ndiyo maana watu wa miti wana lao, linaloitwa Blake, kutokana na Jason Blake aliyelitangaza kwa wapanda miti 1994. Unachukua ncha ya kamba, unazungusha mara nne kwenda juu, unairudisha chini na kuipitisha chini ya mizunguko miwili ya kwanza, halafu unafunga kifundo cha mwisho ili isichomoke. Kushuka, unalibonyeza kwa juu na linakuachia polepole, hata kama umelikalia.

Niliketi kwenye hanesi mita moja juu, nikiwa nimeshika kamba kama mtu anayeshika bomba la matatu. Anko akasema, "Achilia." Nikasema naachilia. Sikuachilia. Akasema tena, "Kijana, achilia mikono." Nikaachia mmoja. Halafu wa pili. Fundo likauma, nikabaki nikibembea na mikono hewani kama mtu aliyekamatwa na polisi. Anko alicheka hadi akakaa chini. Kisha akapanda yeye, akaachia mikono, na hakucheka. Alikaa pale juu kimya dakika nzima. Miaka kumi na moja ya kukata miti, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa mtini bila kushika kitu.

Fundo nalo lina makosa yake, na sitayaficha. Ukishuka nalo kwa haraka linapata joto. Anko alijaribu mbwembwe mara moja kutoka tawi la pili, na sehemu ya kamba ikang'aa kama kitambaa kilichopigwa pasi kali. Hiyo ni nailoni imeanza kuyeyuka, na kipande hicho kinakatwa na kutupwa. Fundo linahitaji kukaguliwa kila asubuhi, kufungwa sawa kila mara, na kushushwa pole pole. Chuma kinakusamehe uvivu fulani, fundo halisamehe. Lakini linajibu maswali yangu yote matatu, na bei yake ni mita chache za kamba.

Kwa hivyo hukumu yangu: kama una hela za kutosha, kamba sahihi na hanesi unayo tayari, nunua Zigzag, ni kifaa kizuri. Kama wewe ni Anko, na wengi wenu ni Anko, usianze na kifaa. Anza na kamba halisi ya kupandia, hanesi ya kukalia, karabina zinazojifunga zilizoandikwa kN (22 kN ni kama tani mbili na ushee, na zile za kuning'iniza funguo si za kazi hii), na kamba fupi ya kiunoni ya kujifunga mara ya pili kabla hujawasha pawaso. Hiyo ya mwisho ni lazima, maana msumeno unaokata tawi unaweza kukata kamba yako. Fundo litakupandisha na kukushusha huku ukiweka akiba ya chuma. Na usijifunze kwa kusoma mimi. Tafuta mtu anayejua, anza mita moja kutoka chini.

Anko alifuata hivyo. Kamba na hanesi zilimeza karibu elfu thelathini na nane, vilivyobaki vikaingia kwenye karabina na kamba ndogo. Picha ya Zigzag bado iko kwenye simu yake, ameiweka kama watu wanavyoweka picha ya gari.

Mnadhani hadithi imeishia hapo. Mimi pia nilidhani. Kumbe kifaa kilikuwa sehemu rahisi.

Anko sasa anachukua muda mrefu zaidi kwa kila mti, na amepandisha bei. Mti wa elfu nne sasa ni elfu sita. Wiki ya kwanza alipoteza kazi tatu hapa hapa Membley. Mama mmoja alimwambia kuna vijana wa Kimbo watakata kwa elfu tatu na nusu, "na hawahitaji hayo mapambo." Nilikasirika sana, nikaanza kuandika maneno makali juu ya watu wa mtaa wetu. Halafu nikakumbuka mwaka jana. Mkima wa nyumba yetu ulipoangusha tawi kwenye choo cha nje, Anko alitaja elfu tano. Mathe akamwambia "ndugu yangu, hiyo ni bei ya wageni," na mimi nikiwa hapo na simu mkononi nikasema, "Anko, si ni nusu saa tu?" Akafanya kwa elfu mbili mia tano. Nilikuwa najua bei ya kila simu sokoni, lakini sikuwa najua ile elfu mbili mia tano tuliyomkata ndiyo ingekuwa kamba.

Kuna sheria ya usalama na afya kazini tangu 2007. Lakini hakuna mkaguzi anayekuja kwenye ploti yenu Jumamosi asubuhi. Aliyepo pale ni wewe, umeshika chai, unaangalia juu. Na swali ambalo sote tunauliza fundi wa miti ni moja: ngapi? Ongeza la pili. Muulize, "Utashukaje?" Akikuonyesha kiganja, mlipe nauli, mrudishe nyumbani, na utafute pesa za mtu mwenye kamba. Kama huna pesa hizo mwezi huu, mti ngoja. Umesimama miaka arobaini, utasimama wiki nne zaidi.

Yule mwenzake Anko bado anatembea kwa mkongojo. Hapandi tena, na sijui kama atapanda. Lakini amerudi kazini. Anakaa kwenye jerikeni chini ya mti, na yeye ndiye anafunga Blake haraka kuliko sisi sote, bila kuangalia. Kabla Anko hajainua mguu kutoka ardhini, anapita kwanza pale kwenye jerikeni, anasimama, na jamaa anavuta kila fundo kwa mikono miwili. Akisema bado, Anko anafungua na kuanza upya.